Donati ya Homer imekugomea? Soma dalili kabla hujailaumu aisingi

Katuni ya The Simpsons ilianza kurushwa kama kipindi kamili kwenye televisheni ya Fox, Marekani, tarehe 17 Desemba 1989, na tangu hapo Homer, baba wa familia hiyo, hajaacha kula. Anakula kila kitu, lakini mteja akikwambia "nataka ile ya Homer" hakuna haja ya kumuuliza mara mbili: mduara wa kahawia ya dhahabu, aisingi (sukari laini ya kupaka juu) ya waridi yenye ukingo wa mawimbi, na chembe za sukari za rangi rangi zimetawanywa juu. Katika kipindi kimoja cha Halloween cha mwaka 1993 Homer anamuuzia shetani roho yake kwa donati moja tu. Akishafika motoni, adhabu yake ni kulishwa donati zote za dunia kwa mashine, naye anadai aongezewe.

Shida ya donati hii ni kwamba imechorwa. Mchoro hauna doa wala kivuli, kwa hiyo kila kasoro ya jikoni kwako inaonekana, na watu wengi huanza kuhangaika na aisingi kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza. Mara nyingi ugonjwa uko chini zaidi, kwenye donge au kwenye mafuta. Na chanzo kikubwa kuliko vyote, kwa sisi tuliokua tukisukuma maandazi, ni mkono. Mkono unajua andazi. Donati inataka donge laini zaidi, nene zaidi, na mafuta ya moto wa wastani, na hapo ndipo mazoea yanapotuangusha.

Vipimo vya kulinganishia

Nitakuwa nikirejea vipimo hivi: unga wa ngano gramu 500, hamira ya chenga gramu 7, sukari gramu 60, chumvi gramu 8, mayai 2, maziwa ya uvuguvugu mililita 200, siagi laini gramu 60. Vinatoa donati 12 hadi 14 za upana wa sentimita 8. Kama vyako vinatofautiana kidogo si neno. Vikitofautiana sana, hasa kwenye sukari, anza kutafuta tatizo hapo.

Donge halijaumuka, au limeumuka nusu

Jaribu hamira kwanza. Tia kijiko kidogo cha hamira kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, subiri dakika 10. Isipotoa povu, tupa, hata kama tarehe ya pakiti haijafika; pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini huchoka haraka kwenye joto la pwani.

Hamira ikiwa hai na donge bado limelala, kuna wahalifu wawili. Wa kwanza ni maziwa ya moto. Maziwa yakifika nyuzi 60 hamira inakufa. Yakikuunguza kidole yameshapita kiasi. Wa pili ni sukari. Wapo wanaotia gramu 120 au 150 kwa nusu kilo ya unga ili donati "ikolee". Sukari nyingi huvuta maji kutoka kwa hamira na kuichelewesha, kisha inakuja kukuadhibu tena kwenye mafuta kwa kuunguza ngozi kabla ndani hakujaiva. Utamu wa donati hii uko juu, kwenye aisingi. Donge lenyewe liwe la adabu.

Usiongeze unga kwa sababu donge linanata. Hili ndilo kosa la mkono wa maandazi. Donge la donati hunata mwanzoni, na linaacha kunata lenyewe baada ya kukandwa dakika 10 hadi 12. Vuta kipande kidogo kwa vidole vya mikono miwili, polepole: kikitanuka mpaka uone mwanga kupitia ngozi yake bila kuchanika, umemaliza. Kikichanika mapema, endelea kukanda. Paka mafuta mkononi ukishindwa kuvumilia, ila pakiti ya unga iache ilipo.

Zinanyonya mafuta

Hii ndiyo malalamiko namba moja, na ina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa macho.

Mafuta baridi. Donati inapoingia kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 180, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kusukuma kuelekea nje; ule mchemko unaouona pembeni ndio mvuke unaokataza mafuta kuingia. Mafuta yakiwa nyuzi 150, mvuke ni dhaifu, ngozi inachelewa kushika, na donati inakaa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi. Ukikikosa, dondosha kipande cha donge cha ukubwa wa harage. Kikizama na kukaa chini, subiri. Kikipanda mara moja na kubadilika rangi ndani ya sekunde chache, punguza moto. Kinachotakiwa ni kupanda kwa utulivu, mapovu madogo madogo pembeni, na rangi ya dhahabu baada ya kama dakika moja.

Karai likijazwa donati sita kwa pamoja, joto linashuka hata kama mafuta yalikuwa sawa. Kaanga mbili au tatu, kisha acha mafuta yapate joto tena kabla ya zinazofuata. Kwa wanaotumia jiko la mkaa ni kazi zaidi, kwa sababu huna kitasa cha kupunguzia. Funika sehemu ya makaa kwa jivu mapema, na uwe na mahali pa kutua karai pembeni pale moto unapozidi. Sufuria nzito yenye kuta nene inashika joto vizuri kuliko karai jepesi la bati.

Chanzo cha pili ni donge lililoumuka kupita kiasi. Matundu yake yamekuwa makubwa na kuta zake dhaifu, mafuta yanaingia kama nyumbani kwao.

Cha tatu wengi hawakijui: mafuta mengi huingia baada ya donati kutoka, si ikiwa ndani. Inapoanza kupoa, mvuke uliobaki unageuka maji na kuyavuta ndani mafuta yaliyobaki juu ya ngozi. Kwa hiyo ukiitoa usiirundike kwenye sahani juu ya wenzake. Itikise kidogo juu ya karai, iweke kwenye waya au karatasi inayonyonya, igeuze mara moja. Sekunde hizo za kwanza ndizo zinazohesabika.

Na kama zinanuka samaki, wewe unajua ulichokaanga jana.

Nje kahawia, ndani mbichi

Mafuta moto kupita kiasi, au sukari nyingi, au donge nene kupita kiasi. Sukuma unene wa sentimita 1.2 hadi 1.5. Andazi jembamba linavumilia moto mkali kwa sababu linafura na kuacha uwazi katikati. Donati haina uwazi, ni mkate mzima, na joto linahitaji muda kufika ndani. Sekunde 60 hadi 90 kila upande zinatosha kwenye mafuta sahihi. Pasua moja ya kwanza kabla ya kuendelea na nyingine. Moja ukiipoteza ni afadhali kuliko kumi na mbili.

Hazina mkanda mweupe, au zinanywea zikipoa

Tazama donati nzuri ya hamira kwa pembeni. Katikati ya urefu wake, kati ya kahawia ya juu na kahawia ya chini, kuna mkanda mwembamba wa rangi ya krimu unaoizunguka. Huo unatokea kwa sababu donati nyepesi inaelea juu, na kiuno chake hakiguswi na mafuta muda mrefu upande wowote. Mkanda ukiwepo, kazi ya kuumua ulifanya vizuri.

Mkanda ukikosekana na donati ni nzito, haikuumuka vya kutosha mara ya pili, yaani baada ya kukatwa, ikazama. Utaona pia mipasuko ya pembeni, kwa sababu gesi ilitafuta njia ikiwa ndani ya mafuta. Mkanda ukikosekana na donati ni bapa, au ilikuwa nzuri ikatoka kisha ikakunjamana kama uso wa mzee, iliumuka kupita kiasi.

Kipimo ni kidole. Baada ya kukata na kuacha ziumuke, bonyeza ubavu wa mojawapo kwa upole. Kibonyeo kikirudi haraka chote, bado. Kikirudi polepole na kuacha alama ndogo, washa jiko. Kisiporudi kabisa, umechelewa, na hapo ni bora kuzikanda upya kuliko kuzilazimisha. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa mara hii ya pili inaweza kuisha kwa dakika 25; Arusha au Nairobi asubuhi ya Julai huenda ukasubiri saa nzima. Usifuate saa ya mtu wa mji mwingine.

Kisha kuna zile ambazo zilikuwa nzuri kwenye sinia na zikaharibika njiani kuelekea karai. Ukizinyanyua kwa vidole, gesi inatoka na alama za vidole zinabaki. Kata karatasi ya kuokea vipande vya mraba, kila donati ikae juu ya kipande chake tangu inapokatwa, na uiingize kwenye mafuta pamoja na karatasi, uso wa juu ukitangulia. Karatasi itajiachia yenyewe baada ya sekunde chache, uivute kwa koleo.

Malengelenge madogo juu ya ngozi hutokana na gesi iliyokusanyika chini ya uso: kitambaa kilichofunika kilikuwa kimelowa sana, au hukutoa gesi vizuri kabla ya kusukuma. Kwa donati ya kawaida isingekuwa shida. Kwa hii ni shida, maana aisingi ya waridi inafunika rangi lakini haifunikii vilima.

Tundu limeziba, mduara umekuwa yai

Tundu la sentimita 1.5 litaziba, hakuna namna. Tumia kifuniko cha chupa ya maji, karibu sentimita 3, na glasi yenye mdomo wa sentimita 8 kwa nje. Bonyeza moja kwa moja chini bila kuzungusha; ukizungusha unasokota ukingo na donati inapanda upande.

Yai linatokana na haraka. Donge ulilolisukuma sasa hivi limekasirika na linataka kurudi lilikotoka. Liache dakika 10 likiwa limefunikwa, ndipo ukate. Vipande vya pembeni ukivikusanya na kuvisukuma upya vitatoa donati zilizopinda, kwa hiyo vikate viwe vidonge vya kukaanga, watoto hawatalalamika.

Aisingi inatiririka mpaka chini

Sasa tumefika juu. Ikiwa imetiririka na kuacha donati na tabaka jembamba unaloona kahawia kupitia kwake, ama donati ilikuwa ya moto, ama aisingi ni nyepesi. Subiri donati ipoe kabisa, nusu saa au zaidi. Kwa aisingi, sukari ya unga gramu 250 iliyochekechwa, siagi iliyoyeyushwa kijiko 1 cha chakula, chumvi punje, vanila, na maziwa: anza na vijiko 2 vya chakula, kisha ongeza kwa matone. Nyanyua kijiko, iache ianguke bakulini. Utepe unapaswa kukaa juu, uonekane, halafu uzame baada ya kama sekunde 10. Ukizama mara moja, ongeza sukari. Usipozama kabisa, ongeza tone la maziwa. Tone, si kijiko.

Ukisaga sukari ya kawaida kwenye blenda ili kuokoa pesa, inawezekana, ila itakwaruza ulimini usipoisaga muda mrefu na kuichekecha. Ya dukani huwa na wanga kidogo ndani yake, kwa hiyo na wewe tia kijiko kimoja cha konflawa kwa gramu 250.

Ukingo wa mawimbi hautokei kwa kuchovya peke yake. Kuchovya kunatoa duara safi, na ndiyo maana za watu wengi zinafanana na donati za dukani lakini hazifanani na ya Homer. Chovya mpaka karibu robo ya kimo, zungusha kidogo, nyanyua, geuza. Ikiwa bado ina unyevu, chukua mgongo wa kijiko kidogo na uisukume aisingi nje kidogo sehemu tano au sita, nafasi zisilingane. Fanya hivyo hivyo mara mbili tatu upande wa tundu. Kazi ya sekunde 15, na hapo mtoto atapiga kelele.

Waridi haliwi waridi

Likiwa la rangi ya kamba wa kuchemsha, una njano ndani. Majarini ina njano, vanila ya kahawia inachangia, kisha ukitia nyekundu unapata chungwa. Acha majarini kwenye aisingi. Tumia siagi nyeupe nyeupe au usitie mafuta kabisa. Rangi ya jeli ni bora kuliko ya maji kwa sababu haikuongezei umajimaji. Ichote kwa ncha ya kijiti cha meno. Rangi ya poda iyeyushe kwanza kwenye matone ya maziwa, la sivyo utaona vidoa vyekundu vikitokeza baadaye kama surua. Na usikimbilie kuongeza: aisingi iliyokaa dakika 15 hadi 20 hukolea yenyewe.

Wanaokwepa rangi za viwandani wana njia mbili nzuri. Bitiruti mbichi, ikunwe na kukamuliwa, matone machache yanatosha. Usiichemshe sana, maana rangi yake haipendi moto na inaelekea kwenye kahawia. Weka pia mbali na jua. Nyingine ni choya, ambayo wengine mnaiita rozela. Ichemshe na maji kidogo mpaka iwe nzito. Ukiichanganya na maziwa inageuka zambarau ya kijivu, rangi ya kusikitisha kwa bethidei. Hiyo ni kwa sababu rangi ya choya inafuata uchachu. Acha maziwa, tumia choya yenyewe kama kimiminika, ongeza matone ya ndimu, na waridi litarudi mbele ya macho yako. Ladha inakuwa na ukakasi kidogo, na kwangu mimi hiyo ndiyo bora kuliko zote, japo Springfield, mji wa Homer, hawajaijua.

Chembe zimetoa rangi, aisingi inatoka jasho

Chembe zikitiwa kwenye aisingi iliyolowa sana rangi yake inayeyuka na kuacha mikia. Zikitiwa kwenye aisingi iliyokauka zinadondoka. Subiri dakika moja au mbili, mpaka uso upoteze mng'ao wa maji lakini ukigusa bado unanata. Tafuta zenye umbo la vijiti vifupi, si za duara, na uwe mchoyo: kwenye katuni ni chache na zina nafasi. Donati iliyojaa chembe mpaka waridi halionekani ni ya mtu mwingine.

Jasho linakuja msimu wa masika. Sukari inavuta unyevu wa hewa, na hakuna aisingi ya maziwa itakayokauka kabisa kwenye mvua ya Aprili pale Tanga. Punguza maziwa, washa feni, zipe saa mbili. Friji usiijaribu: inazikausha donati zenyewe, na ukizitoa zinapata umande, na rangi zote zinahama.

Za oveni

Donge hilo hilo linaokwa vizuri: nyuzi 190, dakika 9 hadi 11, upake siagi zikitoka. Utapata mkate mtamu wa duara, hutapata mkanda mweupe, na usimwahidi mteja huo. Zikitoka kavu, ziliokwa dakika mbili zaidi. Donati ya oveni hutolewa ikiwa bado na rangi hafifu kuliko unavyodhani.

Wenye trei za matundu wanaotumia uji wa beking pauda wana tatizo lao: uji unafura juu kama uyoga na kuziba tundu la katikati. Jaza theluthi mbili tu ya kila shimo la trei, na umimine kwa mfuko uliokatwa pembe badala ya kijiko. Kwenye miinuko, Nairobi kwa mfano iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, punguza pia beking pauda kidogo, kwa sababu gesi hutanuka zaidi huko na uji hupanda kisha kuanguka.

Zimefika zimebanana

Usifunike boksi mpaka aisingi ishike. Mvuke mdogo tu unatosha kuilegeza. Tabaka moja, kila donati na kikaratasi chake, na gari liende polepole kwenye matuta. Oda ya kesho asubuhi usiimalize leo. Kaanga jioni ukilazimika, ziache zipoe, zifungie kavu bila aisingi, alfajiri uzipashe dakika mbili tatu kwenye oveni au kikaango kilichofunikwa, zipoe tena, ndipo uchovye. Donati za hamira ni za siku moja, na mteja anayetaka kuzichukua Ijumaa kwa sherehe ya Jumapili mwambie ukweli huo kabla hajalipa.